Siti Saba, Watu Saba: Nani Akae Nyuma?

Mpendwa Mshauri,

Nyumbani kwetu Tabata tuko saba. Mimi na mume wangu, watoto wetu wa miaka 12, 8 na 2, mama mkwe aliyehamia kwetu baada ya baba mkwe kufariki, na dada anayetusaidia kazi za nyumbani. Gari tulilonalo ni IST, na siku hizi halitutoshi hata kwenda kanisani. Jumapili tunagawanyika, wengine wanapanda bajaji. Desemba tukienda Moshi, mume wangu anatangulia na mama na watoto wawili wakubwa, mimi nafuata na basi pamoja na mdogo na dada.

Tumekubaliana tuuze IST tununue gari la watu saba. Fedha tunachanga wote wawili, na sehemu yangu ni mkopo wa SACCOS nitakaoulipa kwa miaka 2. Shida ilianzia hapo. Mume wangu ameona Toyota Wish kwenye yadi, lile umbo jipya lililoanza 2009, injini ya 1800, safi, naye ameipenda kwelikweli. Anasema ina siti saba, inakula mafuta kidogo na imetulia barabarani. Mimi nataka Noah, lile la juu lenye milango ya kusukuma pembeni. Yeye Noah hataki hata kuisikia. Anasema ni gari la kubebea abiria na hawezi kufika nalo ofisini.

Tulikwenda kuiangalia hiyo Wish tukiwa na mama. Muuzaji akanyanyua siti mbili za nyuma kabisa, mtoto wa miaka 8 akakaa, akafurahi. Kisha mama akajaribu safu ya katikati. Kuingia aliingia, maana alijiachia tu akaketi. Kutoka ndiyo ilikuwa kazi. Magoti yalikuwa juu kuliko nyonga, akashika mlango, mlango ukacheza, ikabidi nimvute kwa mikono yote miwili. Njiani hakusema kitu. Usiku akaniambia, "Mwanangu, nyie nunueni mnalolipenda. Desemba mimi nitapanda basi." Tangu siku hiyo sina amani.

Nilipomweleza mume wangu, akasema mama atakaa mbele, mimi nitakaa katikati na watoto, dada atakaa nyuma na mizigo. Lakini mume wangu ni mrefu, futi 6 na inchi 1, na akiendesha anarudisha siti nyuma kabisa. Mtoto wa pili anatapika safari ndefu. Mdogo ana kiti chake cha kufungia kwenye gari, nacho ni kipana. Sioni tutaeneaje.

Nikishikilia Noah, mume wangu ataona nimemdharau, na kila akienda kujaza mafuta atanikumbusha. Nikikubali Wish, tutakuwa tumetoa mamilioni na mama bado anapanda basi. Je, Noah kweli ina nafasi hivyo, au ni macho yangu tu? Na nimwambieje mume wangu bila kuonekana naleta ubishi?

Mama Watatu, Dar es Salaam

*

Mama Watatu, mfikishie mama mkwe shikamoo yangu.

Barua yako ina mambo mawili yaliyosukwa pamoja. La kwanza linapimika: watu wenu saba, kila mmoja na mwili wake, wataenea wapi. La pili ni heshima ndani ya nyumba. Mama asijione mzigo, baba watoto asijione amepuuzwa, nawe usilipe mkopo wa kitu ulichokubali kwa shingo upande. Nianze na linalopimika, kwa sababu likishakaa wazi, hilo la pili hupungua makali.

Unauliza kama ni macho yako. Wish mliyoiona ina urefu wa milimita 4,590 na upana wa 1,695. Noah ya 2007 hadi 2014, ile inayoitwa ZRR70, ya kawaida ina urefu wa 4,595 na upana ule ule wa 1,695. Zikiegeshwa, zinachukua uwanja sawa. Sababu yake iko Japani: gari likizidi urefu wa milimita 4,700, upana wa 1,700 au injini ya cc 2,000, linatoka kwenye daraja la magari madogo, kwa hiyo watengenezaji hujibana humo humo. Tofauti yenyewe iko kwenye kimo. Wish ina 1,590, Noah ina 1,850. Ni sentimita 26 za kwenda juu.

Na hizo 26 ndizo zinazozaa nafasi ya miguu. Siti ikiwa juu ya sakafu, mtu hukaa wima, miguu ikashuka chini, magoti yasihitaji kwenda mbali mbele. Siti ikiwa chini, miguu hunyooka mbele na kula urefu wa gari. Ikikosa pa kunyookea, magoti hupanda juu. Hapo paja linaachana na siti, na uzito wote unabaki kwenye mifupa ya makalio. Dakika kumi mtu hajisikii vibaya. Baada ya saa moja kiuno kinaanza kuuma, na hata ukisimama mapumziko, ukirudi maumivu yanarudi upesi. Safu ya tatu ya gari la chini ndiyo huumia zaidi, kwa kuwa siti yenyewe imefanywa nyembamba ili ilale sakafuni, na iko karibu kabisa na tairi za nyuma, ambako kila tuta linapiga kwa nguvu.

Kwa hiyo hukuona vibaya. Lakini hapa naomba twende taratibu, kwa sababu nafasi ya gari na magoti ya mama ni vitu viwili.

Magoti ya mama yanamuuma wakati gani? Akipanda ngazi, au akinyanyuka kwenye kochi? Kuingia kwenye Noah ni kupanda: anainua mguu mmoja hadi sakafu ya gari, anausukuma mwili juu, kisha anageuka na kuketi. Kutoka kwenye Wish ni kunyanyuka kutoka chini, kama ulivyomwona. Wapo wazee ambao kochi fupi linawatesa ila ngazi wanaziweza wakipata pa kushika, na wapo ambao ngazi ndiyo adui. Umemwona akitoka kwenye Wish. Hujaniambia kama amewahi kujaribu Noah. Kabla hujasimamia gari moja, mpeleke akapande. Chukua futi ya fundi cherehani. Nyumbani pima kiti anachonyanyuka bila kusaidiwa, toka chini hadi juu ya mto. Yadini pima toka ardhini hadi juu ya siti ya Wish, ya mbele na ya katikati, kisha kwenye Noah toka ardhini hadi sakafuni, na toka sakafuni hadi juu ya siti. Kama siti ya gari iko chini ya kile kiti cha nyumbani kwa zaidi ya sentimita tano, kunyanyuka kutampa taabu kila siku, hata iwe ya mbele.

Yapo marekebisho pande zote mbili. Kwenye Wish, siti ya mbele inaweza kuwekewa mto wa sponji ngumu wa sentimita 5, ile inayobonyea kidogo tu ukiikandamiza kwa kiganja. Laini haifai kitu, itadidimia. Mkanda wa chini ubaki juu ya mifupa ya nyonga, usipande tumboni. Aketi kwanza miguu ikiwa nje, kisha aigeuze yote miwili pamoja. Mlango asiushike, ashike nguzo ya gari kando ya mlango au mkono wa mtu. Kwenye Noah, kistuli cha sentimita 15 hadi 20 chenye mpira chini kinagawa ile hatua mara mbili, na mshikio upo kwenye nguzo karibu na mlango. Hakikisha mkono wake unaufikia. Ule mlango wa kusukuma usifanywe mshikio, hasa gari likiwa kwenye mteremko. Ufungueni hadi mwisho ujishike wenyewe, vinginevyo unaweza kurudi na kumbana.

Wazo la mume wako kwamba mama akae mbele nisingelitupa. Limeonyesha kwamba alikusikia. Ila siti ya mbele inamwondoa mama peke yake kwenye tatizo. Wengine sita bado wapo. Na hapa ndipo urefu wa baba watoto unapoingia.

Wauzaji wengi huonyesha safu ya tatu wakiwa wameisogeza ya katikati mbele kabisa. Nyinyi anzeni mbele. Mume wako aketi kama anavyoendesha, asijibane kwa ajili ya jaribio. Nyuma yake akae mtoto wa miaka 12, ambaye miguu yake bado inarefuka. Mrudisheni hadi ngumi ipite kati ya goti lake na mgongo wa siti ya baba. Siti ya katikati ikishapata mahali pake pa kweli, ndipo dada apande nyuma kabisa. Nafasi atakayokuwa nayo hapo ndiyo safu ya tatu mnayoinunua. Aketi dakika 20, AC ikiwa imewashwa, atwambie hewa inamfikia au hapana. Noah nyingi zina AC ya nyuma yenye matundu darini. Kwenye Wish angalieni ile hasa mnayotaka kuinunua. Kichwa chake kisiguse dari, na kila siti iwe na kiegemeo cha kichwa na mkanda wa kupita begani. Viegemeo vya nyuma hupotea sana kwenye magari yaliyopita mikono mingi, na kichwa cha anayekaa nyuma kabisa kiko karibu na kioo.

Ningependa sana mume wako naye akae pale nyuma. Si kwa kumkomoa. Mtu anayekaa siti ya dereva maisha yake yote hana njia nyingine ya kujua.

Kiti cha mdogo kiende nanyi siku hiyo hiyo, kifungwe kabisa. Siti ya pili ndiyo mlango wa safu ya tatu: unaikunja au kuisogeza ili mtu apite. Ukifunga kiti cha mtoto upande wa kupitia, dada atakuwa akipenya nyuma kwa taabu, na siku ya dharura hatatoka haraka. Jaribuni upande mwingine, kisha mwone kama kati ya kiti cha mtoto na yule wa miaka 12 panabaki mahali pako wewe. Upana wa 1,695 ni wa nje. Ndani, watu wawili na kiti kipana kwenye safu moja hubanana bega kwa bega, na hilo liko hivyo kwenye Wish na kwenye Noah pia. Noah yenye siti mbili za peke yake katikati, ile ya watu saba, inaacha njia ya kupita bila kugusa kiti cha mtoto. Ya watu nane haiachi.

Anayetapika asipelekwe nyuma kabisa. Macho yake yaone barabara mbele, na nyuma kabisa haoni ila migongo ya siti. Lakini Wish hapa ina haki yake: iko chini, haiyumbi sana kwenye kona, na upepo wa pembeni hauisukumi kama Noah. Mume wako anaposema imetulia, anasema kweli.

Sasa uzito, jambo ambalo familia nyingi hazilifikirii. Japani, uzito wa juu wa gari huhesabiwa kwa kuchukua uzito wa gari tupu na kuongeza kilo 55 kwa kila abiria. Gari la watu saba linaongezewa kilo 385. Watu wazima wanne kwa wastani wa kilo 70 ni 280, watoto watatu karibu 80. Jumla 360. Kwa hesabu hiyo Wish imebakiwa na kilo 25 kabla hamjapakia hata begi moja, nanyi mnakwenda Moshi na mchele, mnarudi na ndizi. Noah ya watu nane ni kilo 440, inabakiwa na 80. Ukizidisha, springi za nyuma zinakaa, gari linagonga matuta, tairi zinapata joto. Na mizigo itakaa wapi? Safu ya tatu ikiwa imesimama, buti la Wish linabaki chembamba, la begi moja au mawili yaliyosimamishwa. La Noah nalo ni fupi, ila linapanda juu. Keria inasaidia kwa vitu vyepesi, si kwa gunia. Mkiambiwa mnyanyue gari kwa kuweka spesa kwenye springi, kumbukeni kwamba kila sentimita mnayoongeza chini mama ataipanda.

Kuhusu mafuta, msiachie maneno. Noah ina uzito wa karibu kilo 1,600, Wish ni 1,300 na kitu. Tuseme Noah inakwenda kilomita 10 kwa lita barabara kuu na Wish 13. Dar hadi Moshi na kurudi ni karibu kilomita 1,120, basi ni lita 112 kwa 86. Tofauti ni lita 26, labda chini ya nauli za basi za watu watatu. Mjini ndiko kwenye hesabu kubwa: kwa kilomita 1,000 kwa mwezi, Noah ikienda 8 na Wish 10.5, ni lita 125 kwa 95. Lita 30 kila mwezi, mwaka mzima 360, na wewe una mkopo. Wasiwasi wake una msingi. Zidisheni kwa bei ya leo, muone kama mfuko unabeba.

Njia zenyewe si mbili. Mnaweza kuchukua Wish, mama akae mbele na mto wake, Jumapili mwende wote kwa kuwa ni mwendo mfupi, na Desemba mkodi gari kubwa. Hatari yake ni kwamba kukodi Desemba kuna bei yake, na mwaka mtakaopungukiwa, atakayepanda basi ni yule aliyekwisha kujitolea. Mnaweza kuchukua Noah na kukubali mafuta. Hatari yake umeitaja mwenyewe, ya mume kuliendesha gari asilolipenda kila asubuhi. Nyingine ni kununua iliyochoka. Jina Noah limebeba magari tofauti. Zile za zamani za SR40 zina injini chini ya siti za mbele na mlango wa kusukuma upande mmoja tu, na nyingi zimebeba abiria kweli. ZRR70 ni gari jingine kabisa. Huenda hiyo anayoikataa kichwani mwake ni ile ya zamani. Mkiipata, fungueni na kufunga mlango wa umeme mara kadhaa mfululizo: ukisita, ukikwaruza chini au ukirudi wenyewe, rola au waya wake umechoka. Zile siti za nyuma zinazokunjwa na kuning'inizwa pembeni zishike kwenye ndoano bila kulegea.

Kuna na la kati, Toyota Isis. Kimo chake ni 1,640 kwa nyingi, milango ya nyuma ni ya kusukuma, na upande wa kushoto hakuna nguzo katikati, hivyo milango miwili ikifunguliwa panakuwa peupe mbele ya mama. Siti zake bado ziko chini kuliko za Noah, na safu ya tatu ni ya kukunjwa sakafuni. Toyota Sienta ni fupi zaidi toka mbele hadi nyuma, na siti zake za nyuma hujificha chini ya zile za katikati. Kila mkizihitaji, kiti cha mdogo huenda kikalazimika kufunguliwa. Au msubiri kidogo mwongeze fedha, mkijua muda nao una gharama. Kabla ya kuagiza lolote, ingizeni mwaka na aina kwenye kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato, kwa sababu umri wa gari hubadilisha kodi.

Kwa mume wako, jaribu kuliacha jina la gari pembeni jioni moja. Chukueni karatasi, mchore siti saba, mwandike nani anakaa wapi Desemba na nani anakaa wapi Jumapili. Mwambie, "Baba watoto, nakubali mafuta ni hoja, nawe nisaidie hapa: mama ananyanyukaje, na dada anapitaje?" Muulize pia ofisini anaogopa nini hasa. Anayo haki ya kulipenda gari atakaloliendesha kila siku, na akisikia umelikubali hilo, huenda akaisikia na hoja yako. Dada naye aulizwe. Binti anayekaa na mizigo kwa muda wa saa tisa au kumi ana mgongo kama wetu.

Kwa mama, neno la basi usilichukue kama jibu lake. Ni heshima ya mzazi asiyetaka kuwagombanisha. Mwanawe ndiye aende amwambie kwamba wanakwenda kutafuta gari la wote na wanahitaji apande waone. Akichagua mwenyewe kukaa mbele, au akisema hatua ya Noah inamshinda, mtakuwa na neno lake badala ya kukisia.

Jumamosi ni siku nzuri ya kwenda yadi, mapema kabla jua halijawaka. Nendeni wote saba, na futi, na kiti cha mdogo, na begi moja kubwa lililojaa. Msilipe chochote siku hiyo. Ukipenda, niandikie vipimo mlivyopata na nani alikaa wapi, tuendelee kutoka hapo.